Nilitarajia KICC, nimepata vilima vya Ngong: kupima chanjo ya sukari na protini kwenye kapilari

Njiwa_wa_Kabete – Jumanne, saa 3:52 usiku

Wadau, hamjambo. Nisameheni kwa urefu, ila nikifupisha mtaniuliza yale yale aliyoniuliza bosi leo mchana nikabaki kuangalia viatu vyangu.

Mimi ni fundi wa maabara upande wa Kabete hapa Nairobi. Miaka 9 nimefanya Western ya mkono, ile ya kutafuta protini kwa kingamwili: kumimina jeli, kuhamishia kwenye utando, kuziba kwa maziwa ya unga, kungoja gizani. Mwaka huu tumeletewa Jess, ile mashine inayofanya Western yote ndani ya kapilari, na mafunzo ya siku 2 nikaenda mimi kwa sababu wengine walikuwa likizo.

Kwa ambaye hajaiona: kapilari ina urefu wa sentimita 5, na uwazi wake wa ndani ni sehemu ya kumi ya milimita. Unajaza sahani, unaizungusha kidogo kutoa mapovu, unasukuma katriji ya kapilari 25, unafunga mlango. Mashine inafyonza jeli, inafyonza sampuli, inapitisha umeme wa volti 375 kwa dakika 25, halafu inawasha taa ya UV na kila protini inanasa ukutani pale pale ilipofika. Baada ya hapo ni kingamwili ya kwanza, ya pili yenye kimeng'enya cha HRP, luminoli ambayo HRP inaitoa mwanga, kamera. Saa 3 hivi. Chai ya saa nne unakunywa ukiwa umekaa, jambo ambalo sikulizoea.

Nikaanza na CRM197 tupu, ile protini ya dondakoo iliyopokonywa sumu. Kilele kimoja, chembamba, karibu na kilodaltoni 58 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kimesimama wima kama jengo la KICC mjini. Nikajiona nimeiva.

Sasa bosi anataka tuweze kupima chanjo zenyewe, zile ambazo sukari ya ganda la bakteria imefungwa kwenye protini mbebaji. Hoja yake naikubali. Ya Hib, bakteria wa uti wa mgongo, tunachoma watoto tangu 2001, ya nimonia tangu 2011, na 2025 taifodi ikajiunga. Zote tatu ni ukoo mmoja wa sukari na protini, na hapa kwetu tunaochungulia ndani ya kichupa kuona kama sukari bado imeshikana na mbebaji wake ni wachache mno. Tukapewa vichupa vilivyopita tarehe vya kujifunzia.

Sampuli A ni chanjo ya taifodi: sukari ya Vi, ile ya ganda la bakteria wa taifodi, iliyofungwa kwenye toksoidi ya pepopunda, yaani sumu iliyozimwa. Nilitumia kingamwili ya toksoidi. Sikupata kilele. Nilipata kilima kinachoanzia karibu na kilodaltoni 100 na kupanda pole pole hadi mwisho wa mchoro, kisha mchoro ukakatika kabla kilima hakijaisha. Ukitazama kutoka Karen asubuhi, vilima vya Ngong ndivyo vilivyo hasa, na vile vinundu vyake juu. Tena katikati pamebonyea kama tandiko la punda. Programu ikakihesabu hicho kilima kuwa vilele 6. Kapilari ya pili, sampuli ile ile: vilele 4. Ya tatu: 7. Nijumlishe vipi?

Sampuli B ni PCV13, chanjo ya nimonia yenye sukari za aina 13 za bakteria. Hapo hata kilima sina. Tambarare, Athi River mpaka Kajiado. Si kwa kingamwili ya CRM197, si kwa sera ya sungura (majimaji ya damu yenye kingamwili) ya sukari ya aina ya 14. Na sikufanya uzembe: kichupa kilikuwa na maji meupe kama yaliyooshea mchele, kwa hiyo nilizungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 13,000 kwa dakika, muda wa dakika 10, nikachukua maji safi ya juu. Nimefundishwa hivyo tangu chuoni: sampuli ya ukungu inaziba kila kitu.

Jambo lingine, sijui kama lina uzito. Bloku ya kupashia joto iliungua stima iliporudi kwa kishindo wiki iliyopita. Sampuli zote nimezichemsha kwenye bika ya maji juu ya jiko la gesi, dakika 5, badala ya nyuzi 95.

Bosi alitazama mchoro wa A akauliza, "Uzito wake ni kilodaltoni ngapi?" Nikasema nitaangalia. Nimebakiwa na katriji 3, na nyingine tayari nilipoteza stima ilipokatika dakika ya 20 ya umeme, kabla ya taa ya UV, protini zote zikatawanyika kabla hazijanaswa. Anataka jibu Ijumaa. Mashine ndiyo mbovu, au ni mimi?

---

Kasa_wa_Tudor – Jumanne, saa 4:31 usiku

Dadangu, pole. Mbili za haraka kabla sijalala.

Kwanza hiyo bika. Nairobi mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nyuzi 95 hamtazipata kwenye sufuria hata mkiwasha gesi mpaka Krismasi. Huku kwetu Mombasa tunazipita. Nimecheka, lakini digrii moja haijakuharibia chochote. Sampuli B haikufa kwa baridi.

Pili, tandiko la punda. Hilo nalijua. HRP zimejazana mahali pamoja, zinakula luminoli yote kabla kamera haijamaliza kupiga picha. Mwanga unafifia pale pale palipo na protini nyingi, unabaki pembeni. Fungua picha ya sekunde chache za mwanzo, uilinganishe na ile ndefu. Kama mwanzoni juu pamejaa na baadaye pamebonyea, umeunguza. Punguza sampuli mara 5, halafu mara 25. Watu hudhani sampuli nyingi ni data nyingi.

Kilima na vilele 6 namwachia Mzee, najua atapita hapa.

---

Mzee_wa_Jeli – Jumatano, saa 11:40 alfajiri

Binti, habari za kazi. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na chai.

Naanza na B. Yale maji meupe hayakuwa uchafu, ndiyo chanjo. PCV13 imeshikizwa kwenye fosfeti ya alumini, maikrogramu 125 za alumini katika dozi ya nusu mililita, na sukari pamoja na CRM197 zake zimeng'ang'ania chembe hizo. Ndiyo sababu muuguzi anatikisa kichupa kabla ya kuvuta. Wewe ulizungusha, ukamwaga chanjo nzima kwenye ndoo ya taka, ukabaki na maji ya chumvi, ukayapima kwa uangalifu mkubwa. Mashine ikakuambia hamna kitu. Ilisema kweli. Chanjo ya taifodi haina alumini, ndiyo maana hiyo haikukutoroka.

Basi tikisa, zungusha, safari hii weka *mashapo* na uhifadhi maji ya juu kando. Mashapo yayeyushe kwa sitrati ya sodiamu ya asilimia 10 kwenye nyuzi 37. Fosfeti ya alumini inatii sitrati upesi kuliko hidroksidi ya alumini. Kuna wanaokimbilia alkali kwa sababu inayeyusha faster, samahani, upesi zaidi, usiwafuate. Alkali inanyoa asetili zilizo kwenye sukari, na Vi bila asetili zake ni sukari nyingine machoni pa kingamwili. Tena baadhi ya sukari za nimonia zimeungwa kwa fosfodiesta, ambazo hazivumilii. Sukari ya aina ya 6A ni dhaifu kuliko ndugu yake 6B ingawa karibu zote zinafanana.

Ukishayeyusha, sitrati yenyewe inakuwa tatizo. Ni chumvi nyingi mno kwa kapilari. Umeme utapita kwenye chumvi, sampuli haitajipanga, na zile alama za mng'aro za kulinganishia kapilari zitaenda mrama. Pitisha kwenye safuwima ndogo ya kuondoa chumvi, kisha punguza kwa bafa ya sampuli ya 0.1X, yaani sehemu ya kumi ya nguvu yake. Usiruke hatua hii ukidhani utaona tofauti baadaye. Utakachoona ni alama zimepinda, utalaumu katriji.

Na fanya hesabu kabla ya kupiga pipeti. Kila aina ya sukari katika PCV13 ni maikrogramu 2.2 kwa dozi, isipokuwa 6B iliyo 4.4. Kwa hiyo aina ya 14 una maikrogramu 4.4 katika mililita, na ukiongeza mchanganyiko wa SDS (sabuni inayovisha protini chaji), sehemu 4 za sampuli kwa 1, unashuka mpaka 3.5. Si nyingi, lakini sera nzuri itaiona. CRM197 ni hadithi tofauti. Hiyo imebeba aina zote 13, jumla yake karibu maikrogramu 34 kwa dozi. Ukitumia kingamwili ya CRM197 unahesabu matatu zote zilizo stendi kwa kuwa zote ni za muundo mmoja. Inayokwenda Rongai na inayokwenda Githurai huwezi kuzitofautisha mpaka usome kibao, na kibao ni sukari.

Haya, A. Kilima chako ni halali.

Toksoidi moja ya pepopunda imefungwa sukari 2, jirani yake 5, sukari yenyewe moja ni fupi na nyingine ni ndefu, na ndefu zina tabia ya kushika protini mbili au tatu kwa pamoja hadi unapata wavu. Kichupa kimoja kina mchanganyiko huo wote. Hakuna molekuli ambayo ndiyo "chanjo" ili useme uzito wake ni huu. Ongeza kwamba SDS inashika protini, haishiki sukari. Ngazi yako ya vipimo imetengenezwa kwa protini tupu zilizovaa SDS kutoka kichwa hadi miguu. Chanjo yako imevaa nusu. Inatembea kwa mwendo wake. Kwa hiyo ile namba ya kilodaltoni inayoandikwa chini ya mchoro inakuambia kitu kilifika wapi. Haikuambii kina uzito gani. Bosi wako akiuliza tena, mjibu hivyo. Akikasirika, mpe mchoro wa toksoidi tupu auone: hata hiyo haisimami vizuri kwenye 150, maana formalini iliyoiua makali imeifunga funga yenyewe kwa yenyewe, na kemikali ya DTT ikijaribu kutenganisha mnyororo wa 100 na wa 50 inafaulu nusu tu.

Tumia katriji ya kilodaltoni 66 mpaka 440, si ile ya 12 mpaka 230. Halafu ingia kwenye programu upanue dirisha la uchambuzi kulia. Mchoro wako haukukatika, wewe ndiye uliyekata. Bado vile vipande vikubwa kabisa vitakwama mlangoni mwa jeli na hutaviona, kubali, andika.

Vile vilele 6, 4, na 7: programu inajaribu kuchora umbo la kengele juu ya kila kinundu. Kwa CRM197 yako ilifaa. Kwa kilima inakuwa kama mtu anayehesabu vilima vya Ngong na ukungu unahama, kila asubuhi idadi mpya. Zima hiyo kengele, chagua njia ya mistari wima, weka mpaka wa kushoto na wa kulia, mipaka ile ile kwa kapilari zote, na uchukue eneo *moja*. Mipaka iamue kwa kutazama kapilari isiyo na sampuli na ile ya rejea, kabla hujafungua za majaribio. Ukiiamua baadaye, mkono utakwenda unakotaka moyo.

Kosa la mwisho hujalifanya bado, lakini naliona linakuja. Utataka kuchora mstari wa rejea kwa CRM197 tupu kwa sababu kilele chake ni kizuri. Usifanye. Sukari imefungwa kwenye lisini za protini, na mara nyingine hapo hapo ndipo kingamwili ilipotaka kushika. Maikrogramu 1 ya mbebaji aliyebebeshwa haitoi mwanga sawa na maikrogramu 1 ya mbebaji mtupu. Rejea yako lazima iwe chanjo ya aina ile ile, yenye kiasi kilichopimwa kwa njia nyingine. Ipunguze hatua 6, na sampuli nayo ipunguze angalau mara 3. Mistari miwili ikienda sambamba, una namba. Ikipishana, hata kapilari zikikubaliana vipi, huna.

Mashine ni nzima.

---

Mkemia_wa_Enterprise_Road – Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Heshima kwa Mzee, lakini acheni niseme lililo wazi. Kwa nini haya yote? Uzito wa chanjo unapimwa kwa safuwima ya ukubwa yenye kigunduzi cha kutawanya mwanga, na hapo unapata uzito wa kweli, siyo kilipofika. Sukari unaivunja kwa asidi, unaipitisha kwenye kromatografia ya ioni, HPAEC-PAD, unapata gramu. Hakuna kingamwili, hakuna sungura, hakuna luminoli kuungua.

Tena kuna swali ambalo kapilari haiwezi kulijibu, nalo ndilo muhimu kuliko yote: ni sukari ngapi imeachia mbebaji na kuelea peke yake? Sukari iliyoachia haimfundishi mtoto wa miezi 2 chochote, ndiyo sababu zilifungwa kwenye protini tangu mwanzo. Unaizamisha protini chini kwa deoksikoleti, unapima sukari iliyobaki majini. Kwisha.

---

Mzee_wa_Jeli – Jumatano, saa 2:58 asubuhi

Mkemia, kwa sukari iliyoachia uko sahihi na sibishi. Sukari isiyo na chaji kama ya aina ya 14 ikiwa tupu haina SDS wala umeme wake, haiendi popote ndani ya kapilari. Vi ni ya asidi, ina chaji, inaweza kutembea yenyewe na kujichanganya ndani ya kilima cha iliyofungwa, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu utaihesabu bila kujua. Binti, kwa A pitisha kingamwili mbili kwenye kapilari tofauti, moja ya Vi na moja ya toksoidi, ulaze michoro moja juu ya nyingine. Na ukipata Vi tupu, ipe kisima chake uone inakaa wapi.

Lakini kuvunja kwa asidi, Mkemia, jaribu kwenye PCV13. Aina 13 kwenye kichupa kimoja. Glukosi iko karibu kila mahali, galaktosi iko kwa nyingi, ramnosi iko kwa kadhaa. Ukishavunja, una bakuli la glukosi na hujui ilitoka kwa nani. Sera inaisoma sukari ikiwa bado nzima. Ndiyo faida, na ndiyo pekee ninayoitetea.

---

Mkemia_wa_Enterprise_Road – Jumatano, saa 3:04 asubuhi

Hiyo nakubali. Kwa mchanganyiko, sawa. Kwa taifodi peke yake bado nasema safuwima.

---

Njiwa_wa_Kabete – Jumatano, saa 7:10 mchana

Nimesoma nikiwa kwenye matatu nikapitiliza stendi yangu.

Mzee, ile aya ya kumwaga chanjo kwenye ndoo ya taka nimeisoma mara tatu na kila mara masikio yanawaka moto. Muuguzi wa kliniki anajua kutikisa. Mama aliyeshika mtoto anaona muuguzi akitikisa. Mimi nimepeleka wangu wawili kuchomwa na nimeona kwa macho yangu. Kisha nikaenda kazini nikazungusha 13,000.

Mashapo nilikuwa nimeyatupa lakini vichupa viwili havijafunguliwa. Leo mchana nayeyusha. Safuwima za kuondoa chumvi tunazo, zimelala kwenye droo tangu kazi ya mtu mwingine.

---

Kasa_wa_Tudor – Jumatano, saa 7:25 mchana

Usione haya. Mwenzio mmoja hapa pwani, simtaji na wala si mimi, aliwahi kupaka kingamwili ya panya halafu akaweka ya pili inayoshika sungura, siku 4 mfululizo, akilaumu joto la Mombasa.

Ni mimi.

---

Njiwa_wa_Kabete – Jumanne iliyofuata, saa 2:40 usiku

Nimerudi na majibu. Marefu tena.

B kwanza. Nilitikisa kichupa mpaka weupe ukawa sawa juu na chini, nikagawa mirija miwili. Mmoja nilizungusha, maji ya juu nikaweka kando, mashapo yakaingia sitrati kwenye nyuzi 37. Yalikuwa kidogo kiasi kwamba ukipuliza unaogopa: doa jeupe chini ya mrija, kama chaki iliyobaki kwenye kucha ya mwalimu. Nilikuja kuliangalia kila nusu saa. Mwanzoni doa, halafu ukungu, halafu nikainua mrija kwenye dirisha nikaona mti wa jakaranda ulio nje bila pazia lolote kati yetu. Nilikuwa peke yangu maabara, nikasema "haya" kwa sauti.

Mrija wa pili nilifanya bila kuondoa chumvi, makusudi, kwa sababu Mzee alisema nisifanye na mimi ni mtu wa Nyeri. Alama za mng'aro zilijikunja upande mmoja kama mistari ya nguo iliyoanikwa vibaya. Kapilari 4 zimekwenda hivyo. Sasa najua.

Ule uliopita kwenye safuwima: sera ya aina ya 14 ilitoa kilima kimoja kipana, laini, kikiwa na mwanzo na mwisho, kwenye katriji ya 66 mpaka 440. Maji ya juu ya kichupa kile kile, kisima cha jirani: tambarare. Nimepiga picha michoro yote miwili kwenye ukurasa mmoja, na chini yake nimeandika tarehe tu.

Kapilari 3 za sampuli moja, kwa mipaka ile ile na mistari wima, maeneo yalikaribiana kiasi kwamba nilirudi kuhakikisha sijafungua faili moja mara tatu. Wiki iliyopita zilikuwa vilele 6, 4, na 7. Kitu kilichobadilika ni mimi kuacha kuhesabu vinundu.

Kuna jambo sikulitegemea. Sera ya 6A iliwasha rejea ya 6B, si kidogo. Nilidhani nimemwagia kisima cha jirani nikarudia na pipeti mpya. Ilikuwa vile vile. Nikakumbuka Mzee alisema ni ndugu. Kwa hiyo kwa hizo mbili sina namba ya kila moja, na sitaandika namba mpaka nipate sera ya kipengele kimoja, isiyoshika ndugu. 19A na 19F sijagusa, naogopa ni nyumba ile ile.

A: nilipunguza mara 25 na tandiko likaondoka. Kasa, ulikuwa sahihi. Kwenye picha ya mwanzo mwanzo juu palikuwa pamejaa, kwenye ile ndefu pamezama. Kilima cha toksoidi na kilima cha Vi nimevilaza pamoja. Vinaanza mahali pamoja lakini cha Vi kinaendelea kulia zaidi, kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Sijui kama ni wavu wa sukari nyingi au ni Vi inayotembea yenyewe. Bila Vi tupu siwezi kusema, na Mkemia hapo atacheka.

Ijumaa ilipofika nilikuwa sina yote hayo, nilikuwa na nusu. Niliingia kwa bosi na mchoro wa CRM197 tupu, wa toksoidi tupu, na wa chanjo. Akaelekeza kidole kwenye kilima. "Kilodaltoni ngapi?" Nikamwambia haina. Akanyamaza. Nikamwambia tena kwa urefu: kila molekuli ina mzigo wake, ngazi yetu ni ya protini zisizo na mzigo, tunachoweza kutoa ni eneo likilinganishwa na rejea, na rejea lazima iwe chanjo yenyewe. Akauliza rejea tutaitoa wapi. Hilo ndilo swali zuri la kwanza alilouliza mwezi huu, na tangu hapo tumeandika barua tatu.

Kwenye fomu yetu ya matokeo safu ya "uzito wa molekuli" ipo, imechapwa, haifutiki. Nimepiga mstari, nikaandika "eneo, tazama nyuma", na nikaweka sahihi. Mhakiki wa ubora amenirudishia mara moja, nimempelekea tena na michoro.

Juu ya sentrifuji nimebandika karatasi: TIKISA KWANZA, ULIZA, NDIYO UZUNGUSHE. Kijana wa mafunzo aliuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya zamani.

Bloku ya joto bado iko kwa fundi Kirinyaga Road. Naendelea na sufuria, nyuzi 94.

Kama kuna mwenye Vi tupu, hata maikrogramu 50, iliyokaa vizuri kwenye friza, naomba. Nitaifuata mwenyewe na barafu yangu. Kasa, hata ikiwa kwenu. Treni ya usiku ipo, na nikishafika utanionyesha hayo maji yanayochemka kwenye nyuzi 100.